Nati ya Gurudumu la Nyuma

Kwenye mkutano wa waendesha pikipiki wa Kasongo, kampuni iliyowauzia pikipiki hizo iliahidi matengenezo ya bure. Iliasi alifika wa kwanza. Mama yake aliketi juu ya mzigo wake, akingoja apelekwe Wamaza.

Lakini fundi wa kampuni alimpita Iliasi, akamwendea mwendesha pikipiki mwingine, jirani wa Iliasi, akimwita "patron", yaani bosi. Mnyororo mpya, oili mpya, hata kiti kilipanguswa. Iliasi akamwonea wivu.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Fundi akanawa haraka, akakimbilia msikitini. Hapo Iliasi akaiona nati ya gurudumu la nyuma la pikipiki ya jirani, imesahauliwa juu ya turubai, inang'aa kwa mafuta. Akaikanyaga kuificha.

Jirani akarudi kutoka kunywa chai, akawasha pikipiki yake, akamwuliza Iliasi:

"Weye hawajakugusa bado?"

"Bado. Enda tu, kaka," Iliasi akajibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jirani akageuka. "Mama, panda, nikupeleke miye! Huyu mutoto wako, zamu yake iko mbali."

Mama akakunja kitenge, akashika bega la jirani, akainua mguu.

Nati bado ilikuwa chini ya unyayo wa Iliasi.