Friji Isiyopenda Safari

"Simama kidogo, mzee," fundi aliomba. Magoti yake yalikuwa sakafuni na kichwa chake nusu ndani ya friji.

"Nikisimama utaona nini?" Breki alimjibu bila kugeuka, mikono yote miwili kwenye usukani. "Tukiegesha, inagandisha mpaka nyanya. Ugonjwa unakuja tukianza kutembea. Wewe ni daktari gani, unataka kumpima mgonjwa siku aliyopona?"

Fundi akarudisha kichwa ndani ya friji.

Breki ni jina alilobandikwa na madereva wenzake enzi za malori, kwa kuwa hakuwahi kugonga hata mbuzi. Baada ya kustaafu, yeye na mkewe walihamia ndani ya gari hili lenye kitanda, jiko la gesi na friji ndogo chini ya kabati. Nyumba nyingine hawakuwa nayo, wala friji nyingine.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichupa cha dawa ya sindano ya kisukari kiganjani. Dawa hiyo haitaki joto, na ndani ya gari mchana ule hata siagi ilikuwa imekata tamaa. Kichupa cha kabla yake walikimwaga. Hiki ndicho kilichobaki, na nesi alikwisha sema: kingine ni mwisho wa mwezi.

"Nimebadilisha mpira wa mlango," Breki alisema, akikata kona taratibu. "Nimeweka feni mpya. Nimezibua tundu la hewa, kumbe nyigu walishapanga humo. Walivyonishambulia! Friji ikanicheka tu."

"Aliyecheka ni mimi," mkewe akasema. "Siku ile pua yako ilikuwa inatangulia kufika."

Breki alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Fundi, nimetembeza mizigo mabondeni na milimani. Sijawahi kushindwa na kitu kisicho na hata gia. Huyu mama akidhoofika humu ndani, nitamwambia nini binti yetu? Anatusubiri."

Fundi alichukua kikombe cha chai kilichokuwa juu ya kabati, kimejaa pomoni, akapiga funda.

"Unaendesha vizuri, mzee. Hakijamwagika hata tone. Kama niko sebuleni."

"Ndiyo kazi, kijana."

Kuku alikatisha mbele kwa madaha. Breki akakanyaga breki, akapiga honi; ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Akasubiri mwenye njia apite, kisha akaingiza gia.

Fundi alisogea karibu na kitanda, akashusha sauti.

"Mama, ule waya wa umeme unaochomekwa ukutani kwa jirani, nani anauchomoa?"

"Mwenyewe, kila asubuhi. Anaukunja, anauweka chini ya kiti. Anasema dereva anayeondoka na waya ukutani ni wa kuchekwa."

"Na ukimkataza?"

"Nilimkataza mara moja. Hakula siku nzima." Alikizungusha kile kichupa kiganjani. "Bora dawa ipate moto kuliko kumwona vile tena."

"Mnanong'ona nini huko nyuma?" Breki aliuliza. "Kosa umelipata?"

Fundi alijikohoza.

"Nimelipata, mzee. Umeme wa kutoka mbele haufiki. Tukitembea, friji inanyonya betri peke yake, na betri yenyewe iko hoi. Injini haiipi kitu."

"Injini yangu?" Mzee aliumia kweli. "Hebu isikilizeni ilivyotulia!"

Wote watatu wakasikiliza.

"Imetulia kweli," fundi akasema. Mke wa Breki aliangalia pembeni.

"Sasa tufanyeje?"

"Nitatoboa tundu dogo sakafuni, nyuma ya friji, nipitishe waya mwingine."

"Toboa. Ila nakuomba, usiguse ekseli ya magurudumu."

"Ekseli sitaigusa, mzee. Naapa."

Alitoboa, akaunga, akausukuma waya chini mpaka ukapotea. Breki alimtazama kwenye kioo kwa wasiwasi.

"Hautaburuta barabarani?"

"Nitaubana nikishuka. Niache hapo mbele."

"Hapo ni kwenye kona! Unataka watu watugonge?"

Fundi akakaa, akasubiri. Kona ikapita. Breki aliwasha indiketa, akaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, halafu kulia tena, akavuta breki ya mkono.

"Haya. Shuka upande wa ndani, magari yasikupitie."

"Asante, mzee. Msalimieni binti."

"Tukifika tutakupigia."

Mkewe alimsindikiza fundi mpaka mlangoni. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akarudi, akaweka kichupa ndani ya friji, akaifunga na kuegemeza kiganja juu ya mlango wake, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Muda si mrefu friji ikaanza kuunguruma.

"Unasikia?" Breki alipaza sauti. "Tumeanza kutembea na inafanya kazi!"

"Nasikia, baba watoto. Punguza mwendo, kuna mteremko."

Nje, fundi alikuwa amechuchumaa, akiufunika kwa majani ule waya mpya aliouchomeka ukutani, uliopita katikati ya marundo manne ya matofali. Honi ililia nyuma yake. Akainuka haraka, akaruka pembeni, akapisha gari lisilo na magurudumu.