Programu ya Shaame

Siku Bi Mwanahawa alipotoka eda, shemeji yake Shaame alimvisha saa mkononi mbele ya wazee. Zama hizi mjane haulizwi kwa mdomo kama anakubali kuolewa tena. Huulizwa moyo wake. Ukienda mbio, ndoa inafungwa. Programu ya kuusoma aliiunda Shaame mwenyewe.

Shaame akamsogelea. Mapigo yakaruka hadi mia na thelathini.

“Haya, shemeji, moyo wanitaka!”

“Wakuchukia, fedhuli wee! Hiyo ni hasira.”

“Hasira sikuiweka humo.”

Wazee wakainua mikono wasome Fatiha. Bi Mwanahawa akafumba macho, akamtaja Mola wake kimoyomoyo, akiubembeleza moyo utulie. Ukatulia, pole pole, hadi sabini.

“Mnaona?” Shaame akawaonyesha. “Sasa umeridhika.”