Kalimati za Nasma, Nyuma ya Stesheni

Kufikia saa sita mchana, watu arobaini na saba walikuwa wameukumbuka mkahawa wa Nasma, na Seth, aliyeubuni saa tatu asubuhi akisubiri chai ichemke, akaanza kuogopa.

Alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la "Dodoma Yetu ya Zamani" kwamba hajawahi kula kalimati tamu kama za Nasma, nyuma ya stesheni, enzi zile. Mwaka hakuutaja. Ukishasema enzi zile, hakuna anayekuuliza tarehe.

"Umenikumbusha mbali!" akajibu Raheli, mwenyekiti wa kundi. "Mimi nilichumbiwa palepale, meza ya dirishani."

Seth hakuwa hata ameweka dirisha.

Ukweli ni kwamba alifika Dodoma mwaka 2019, ofisi yao ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, yeye na mafaili yake ya masjala ndani ya lori moja. Mwaka wa kwanza aliulaani upepo, akalaani vumbi, na kila Ijumaa alikuwa stendi na begi lake. Halafu akachoka kuwa mgeni. Pale Nkuhungu alipopanga, kila mtu alikuwa na la kusimulia kuhusu mji ulivyokuwa, naye alikuwa na la kusimulia kuhusu foleni ya Ubungo. Jirani alipomwingiza kwenye kundi, akaona heri awe na zamani yake, hata ya kubuni.

Tabia hiyo ikamkolea. Baada ya mkahawa akaleta studio ya picha yenye pazia la maporomoko ya maji. Akaleta ukumbi wa dansi uliofungwa kwa ugomvi wa mapenzi. Akaleta fundi viatu kiziwi aliyewatambua wateja kwa visigino vyao. Vyote vilikumbukwa. Mrisho, muuza vipuri vya pikipiki, hata alimsahihisha: yule fundi hakuwa kiziwi, alikuwa na kiburi tu. Seth akaomba radhi kwa kosa hilo. Siku hizo alikuwa akimwamkia kila mtu "mbukwa" kama Mgogo wa kuzaliwa, na aliisema hata wakati wa kuagana.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuandika neno. Mzee Abeli alikuwa na miaka sabini na minne, mzaliwa wa mtaa wa Kikuyu, hapohapo Dodoma, na hakuwahi kuhama. Kila ujumbe wa Seth ulionyesha kwamba mzee ameusoma.

Kundi likaamua kukutana Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye bustani moja hukohuko Kikuyu. Raheli akatangaza kwa furaha kwamba Mzee Abeli ataletwa na binti yake, Angelina. Seth akafikiria kuugua. Alijaribu hata kukohoa mbele ya kioo, lakini hakujishawishi.

Mzee alifika amevaa koti zito, ameshikwa mkono na binti yake. Hakuangalia nyama wala soda. Aliuliza Seth ni yupi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ule mkahawa?"

"Ndiye mimi."

"Mlango wake ulitazama reli au ulitazama barabara?"

Seth akabahatisha. "Ulitazama reli, Mzee."

"Reli," mzee akarudia polepole. "Na huyo Nasma alikuwa mtoto wa nani?"

Raheli aliinamia sahani yake. Seth akajua kwamba ametegwa, akamtazama mzee machoni akitafuta kejeli. Hakuiona. Aliona mtu anayelingoja jibu kwa hamu, na hilo likamchoma kuliko kejeli yoyote.

Akasimama.

"Mzee, hakukuwa na Nasma. Mkahawa niliubuni mwenyewe, jikoni kwangu. Studio, ukumbi, fundi viatu, vyote nimevitunga. Mimi ni mtu wa Dar, nina miaka michache tu hapa. Naombeni radhi, wenyeji wote."

Alingoja kufukuzwa. Alishapanga hata njia ya kutokea, upande wa jikoni.

Badala yake, Raheli akainua mkono.

"Mimi nilihamia 2020, kutoka Njombe," alisema. "Na nilichumbiwa kwa simu."

Mrisho akakuna kichwa. "Mimi ni wa Tanga. Ila yule fundi, jamani, mbona kama namwona!"

Wa Mwanza akajitaja. Wa Songea akajitaja. Jirani aliyemwingiza Seth kwenye kundi akakiri kwamba yeye alihamia wiki mbili tu kabla ya Seth. Vicheko vikaanza upande mmoja wa meza, vikaenea, hadi mhudumu akaja kuangalia kuna nini. Seth alicheka kuliko wote, huku akijifuta machozi kwa karatasi ya chapati. Wageni watupu, muda wote huo wanalilia mji ambao hakuna aliyeuona!

Mzee Abeli peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo mkahawa haukuwepo?" aliuliza.

"Haukuwepo, Mzee."

"Na ile studio?"

"Nayo haikuwepo."

"Na ukumbi wa dansi?"

"Nao, Mzee. Nisamehe."

Mzee akamgeukia binti yake.

"Angelina, mpigie daktari. Mwambie zile dawa za kumbukumbu alizonipa, basi, sizihitaji tena. Sikusahau kitu."