Heshima ya Chini ya Mkondo

Bi Mwatiko, samaki wa kufugwa, alizaliwa kizimbani, ndani ya wavu uliotegwa baharini, akalelewa kizimbani, na siku hiyo alikuwa akimwoza binti yake humo humo kizimbani. Ngoma ilikuwa imepamba moto alipomwona Kolekole, samaki wa bahari kuu mwenye majivuno, akija na vidonda mwili mzima. Ni ule ugonjwa wa virusi unaosafiri na maji!

Mila yao ni kwamba mgeni mkubwa hukaa juu ya mkondo, maji yampitie yeye kwanza, kisha wenyeji. Bi Mwatiko akawatazama wanawe walivyobanana wavuni, akaona maji ya mgonjwa yangewaambukiza wote. Lakini kumfukuza Kolekole ni kutafuta ugomvi arusini.

“Karibu, bwana mkubwa!” akaita. “Huko juu wamekaa watu wa hivi hivi tu. Wewe nimekuwekea chini kabisa ya mkondo, chakula kinakoteremkia.”

“Peke yangu?”

“Nani wa hadhi ya kukaa nawe?”

Kolekole akashuka mbio. Huko kusikoishi samaki akala, akapumzika, hata akapona. Kizimbani hakuugua mtu. Walicheza mpaka magamba yakalegea.

Arusi iliyofuata Kolekole alikuja mzima, anang'aa. Bi Mwatiko akamwonyesha juu ya mkondo.

“Unikalishe na kina hivi hivi?” akafoka, akajiendea zake chini.

Tangu hapo wenye makuu wote hugombea chini ya mkondo. Na Bi Mwatiko akimwona samaki anajikuna tu, huinama kwa adabu: “Karibu, bwana mkubwa!”