Nyayo za Siwema

Daktari alibandika picha ya eksirei ya kiuno cha mama yake Siwema kwenye taa ya ukutani. Pingili za uti wa mgongo zilipangana nyeupe, ila ya chini ilikuwa na doa jeusi.

"Huu ni uvimbe," alimwambia Siwema. "Umeshaila hii pingili, imebaki ganda tu. Ikivunjika, miguu inapooza. Mama hajaanguka? Hajabeba kitu kizito?"

"Mie? Hata ndoo sishiki," mama alidakia kutoka kitandani, akicheka. "Nina binti yangu. Kila jioni nalala kifudifudi, ananipanda mgongoni, ananikanyaga hapo hapo panapouma. Ana nyayo za dawa huyu!"

Daktari aligeuka. "Anakukanyaga?"

"Jana kwa kisigino kabisa. Nikalia, nikamwambia zidisha."

Siwema aligeukia taa ya ukutani. Alilitazama lile doa, na miguuni mwake akazihisi pingili za mama yake, moja moja, kama anavyozijua.

"Haya mwanangu, nishushe," mama alisema, akamnyooshea mikono yote miwili.

Siwema alimsogelea, akasimama. Viganja vyake vilizunguka hewani vikitafuta pa kumshika, na havikupaona.