Maji ya Kuoshea Seli

Mtafiti alikuwa keshafika mlangoni na boksi lake, maana utafiti umefungwa. Miaka mitatu alishikilia kwamba seli zinazolea neva za ubongo humeza protini ya ukuaji, kisha huitoa itumike tena. Wenzake walisema zinaila, basi.

Mimi muosha vyombo wa maabara, kibarua wa kuhamahama, nikamuuliza, "Daktari, haya maji ya kuoshea seli niyamwage?"

"Mwaga, babu. Taka hizo."

"Mbona chini ya taa yako yanang'aa kijani? Ya jana yalikuwa meupe."

Kijani ndiyo rangi aliyoitia protini yake, na jana seli zilikuwa zimeimeza yote. Akarudi, akanishika mkono wenye chupa kwa mikono yake miwili, kama nimebeba yai.

"Zimeitoa," akasema. "Babu, zimeitoa."

Utafiti ulifunguliwa. Wenzake wawili waliomba kujiunga, akawapokea. Seli zilikufa baada ya wiki mbili, kama kawaida yao. Mimi nilihama tena, kwenda kuosha vyombo vya maabara nyingine.