Uso wa Kwenye Filamu

Mafundi wa duka la ushonaji walikuwa wakibishana kuhusu filamu ya kutisha waliyoitazama Jumapili. Mmoja alikiri kwamba lile jitu lenye uso ulioungua lilimkosesha usingizi.

"Mimi wala halikunitisha," alisema mwenye duka, macho kwenye cherehani. "Uso kama ule naamka nao kila asubuhi."

Walicheka, kisha wakamkumbuka mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nyuma yao. Shavu lake lilikuwa limejikunja hadi sikioni tangu siku alipoingia kwenye moto kumtoa mumewe.

Mke naye alicheka. Akamaliza kola, akalitundika shati.

"Hata mimi nimeiona," alisema. "Aliyeniudhi ni yule mwanamke aliyerudi ndani kumwokoa mumewe. Angemwacha tu aungue."

Mumewe aliendelea kukanyaga pedali, ingawa uzi ulikuwa umeshakatika.